Maswali ya Wasomaji: Kibali Huombewa Nafasi Kwanza, Mtu Baadaye

Baada ya makala yetu kuhusu wajibu wa mwajiri kwa wafanyakazi wa kigeni, barua zimeendelea kuingia, nyingi zikitoka kwa maofisa rasilimali watu ambao wameachiwa jukumu la vibali bila kuelezwa mengi. Tumechagua sita. Majibu yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa pale tunapoitaja Zanzibar waziwazi.

Swali: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika kiwanda cha vifungashio mkoani Pwani. Wakurugenzi wameamua kumwajiri meneja wa uzalishaji kutoka India, na tiketi yake ya ndege imekwishakatwa kwa safari ya wiki mbili zijazo. Nimeambiwa "nishughulikie kibali". Mkurugenzi mmoja anashikilia kwamba aingie kwa viza ya biashara, kibali kitamkuta kazini. Nianzie wapi? — *Afisa rasilimali watu, Kibaha*

Jibu: Anza kwa kuiahirisha tiketi. Najua si jibu ulilolitarajia, na huenda mkurugenzi wako asilipende, lakini gharama ya kubadilisha tarehe ya safari ni ndogo kuliko gharama ya kukutwa na meneja aliyeketi ofisini bila kibali. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamkataza mwajiri kumwajiri mgeni asiye na kibali cha kazi, na inamkataza mgeni mwenyewe kufanya kazi bila kibali hicho. Kosa, kwa hiyo, linawahusu wote wawili, na kampuni haiwezi kujitetea kwamba maombi yalikuwa yamekwisha kupelekwa. Viza ya biashara, ambayo haizidi siku 90, ipo kwa ajili ya mikutano, majadiliano ya mikataba na kazi fupi za kitaalamu. Haikuundwa ili mtu aanzie hapo ajira ya miaka miwili.

Jambo la pili ni kuelewa kwamba neno "kibali" ulilotumwa nalo linaficha vibali viwili. Cha kwanza ni kibali cha kazi, ambacho hutolewa na Kamishna wa Kazi kwa mujibu wa sheria hiyo ya 2015. Cha pili ni kibali cha ukaazi, ambacho hutolewa na Idara ya Uhamiaji kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Kamishna wa Kazi anajiuliza kama nchi inamhitaji mtu huyu katika nafasi hii. Uhamiaji inajiuliza kama mtu huyu anafaa kuishi nchini, kwa muda gani na kwa shughuli gani. Ndiyo maana kibali cha kazi hutangulia, na ndiyo maana ada hulipwa mara mbili. Wakurugenzi wengi hushangaa wanapoiona ada ya pili, hivyo ni vyema ukawatayarisha kabla bajeti haijapitishwa.

Uwe mwangalifu na madaraja, kwa sababu herufi zinafanana na maana hazifanani. Kwa upande wa kazi, Daraja A ni la wawekezaji, Daraja B ni la taaluma zilizotajwa mahususi kama vile afya, mafuta na gesi, na ualimu wa sayansi na hisabati, na Daraja C ni la taaluma nyinginezo. Kwa upande wa ukaazi, Daraja A ni la wawekezaji na wanaojiajiri, Daraja B ni la walioajiriwa, na Daraja C linawachukua wanafunzi, watafiti, wamisionari na wengineo wasio katika ajira ya kawaida. Meneja wako wa uzalishaji ataomba kibali cha kazi cha Daraja C na kibali cha ukaazi cha Daraja B. Nimewaona watu wazima wenye shahada mbili wakijaza herufi moja kote kote kwa sababu ilionekana ndio utaratibu mzuri.

Sasa tuje kwenye kiini. Kampuni nyingi hufungua jalada la maombi kwa kukusanya karatasi za mtu: hati ya kusafiria, picha, wasifu, vyeti. Hizo ni lazima, na vyeti vilivyoandikwa kwa lugha nyingine vitafsiriwe na mfasiri anayetambulika. Lakini Kamishna wa Kazi haanzi na mtu. Anaanza na nafasi. Sheria inamtaka ajiridhishe kwamba juhudi zote za kumpata Mtanzania mwenye ujuzi huo zimefanyika. Kabla hujamtaja meneja wako kwa jina, jalada liwe limekwisha kuonyesha kwamba nafasi hiyo ipo katika muundo wa kampuni, kwamba ilitangazwa, kwamba kuna walioomba, na kwamba kuna sababu za kueleweka kwa nini hawakufaa. Tangazo lililobandikwa siku tatu kwenye ubao wa getini halimshawishi mtu yeyote. Sifa za kazi zilizoandikwa baada ya kumwona mwombaji, kwa mfano zinazodai uzoefu wa miaka 17 wa mashine ya aina moja, nazo hujiumbua zenyewe.

Hakikisha pia kwamba cheo ni kimoja kila mahali. Mkataba ukisema "meneja wa uzalishaji", fomu ikisema "mshauri wa kiufundi", na muundo wa kampuni usiwe na hata kimoja kati ya hivyo viwili, afisa anayesoma jalada ana haki ya kuuliza anaombewa nani. Ambatanisha na nyaraka za kampuni yenyewe: cheti cha usajili kutoka BRELA (wakala wa usajili wa kampuni na leseni), namba ya mlipakodi, uthibitisho wa ulipaji kodi na leseni ya biashara. Kama kazi iko chini ya bodi ya taaluma, usajili wa bodi hauepukiki: mhandisi hupitia Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mhasibu hupitia NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), daktari hupitia Baraza la Madaktari Tanganyika. Kampuni nyingi hukwama hapa kwa wiki kadhaa huku zikiilaumu ofisi ya kazi, kumbe cheti cha bodi ndicho kinachosubiriwa.

Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao na malipo hufanyika kwa kumbukumbu namba ya serikali. Ninalitaja hili kwa sababu ya vishoka. Mtu yeyote anayetaka alipwe mkononi kwa fedha taslimu ili "akuharakishie", na asiyeweza kukuonyesha kumbukumbu namba yenye jina la kampuni yenu, hashughulikii kibali chako. Kumtumia wakili au kampuni ya ushauri ni jambo halali na mara nyingine ni la busara, ila jalada libaki lenu na nakala ya kila kilichopelekwa ikae kabatini mwenu.

Swali: Kiwanda chetu cha kuchakata samaki kiliomba kibali kwa ajili ya mtaalamu wa mitambo ya baridi. Maombi yamerudishwa kwa maelezo kwamba mpango wa urithishaji haujitoshelezi. Tuliandika kwamba mtaalamu "atawafundisha wafanyakazi wa Kitanzania kadiri itakavyowezekana". Kosa letu ni nini? — *Msomaji, Mwanza*

Jibu: Kosa lenu ni maneno hayo mawili ya mwisho. Sheria ya 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni aandae mpango unaoeleza bayana jinsi ujuzi wa mgeni utakavyorithiwa na Watanzania katika kipindi cha ajira yake. "Kadiri itakavyowezekana" haisemi nani atarithi, atarithi nini, wala lini.

Mpango unaoeleweka huanza kwa kuitaja nafasi na kuuchambua ujuzi wake vipande vipande. Mtaalamu wa mitambo ya baridi hafanyi "kazi ya baridi" tu: anasoma michoro ya mfumo, anahudumia kompresa, anashughulika na amonia pamoja na hatari zake, anatafuta hitilafu katika mfumo wa umeme wa kuendeshea mitambo, anapanga matengenezo ya mwaka na kuagiza vipuri. Kila kipande kipewe miezi yake. Kisha mtajwe mrithi kwa jina, elimu yake na nafasi aliyonayo sasa, ili afisa aone kwamba umbali kati ya alipo na anapotakiwa kufika unatembeleka. Mtu mwenye cheti cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) au stashahada ya chuo cha ufundi aliyekaa na mitambo yenu miaka minne ni mrithi anayeaminika zaidi kuliko mpwa wa mkurugenzi mwenye shahada ya masoko. Ninyi mnajua kama hilo linawahusu.

Kama mnaweza, tajeni warithi wawili. Warithi huondoka, na mara nyingi huondoka pale hasa wanapoanza kuiva, kwa sababu kiwanda cha jirani nacho kinawatafuta. Niliwahi kuombwa kulipitia jalada la kuhuisha kibali katika kampuni moja, nikakuta mrithi aliyetajwa kwenye mpango wa awali alikuwa amekwisha kuacha kazi zaidi ya mwaka mmoja uliopita na hakuna aliyekuwa ameligundua hilo, kwa maana mpango ulifungiwa kabatini siku kibali kilipotoka. Mgeni mwenyewe, alipoulizwa, hakujua kwamba alipaswa kumfundisha mtu.

Hapo ndipo mipango mingi huanguka. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24 na kinaweza kuhuishwa, lakini siku ya kuhuisha ofisi itauliza mrithi yuko wapi na anaweza nini sasa ambacho hakukiweza awali. Wekeni kumbukumbu tangu mwezi wa kwanza: daftari la mafunzo lenye sahihi za pande zote mbili, vyeti vya kozi fupi, taarifa ya kila robo mwaka. Mtaalamu naye aandikiwe katika mkataba wake kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi anayolipwa, maana wapo wanaouficha ujuzi kwa hofu kwamba wakiumaliza kuutoa, watafungishwa virago. Hofu hiyo si ya kijinga, na kampuni yenye akili huiondoa kwa kumweleza mapema kitakachofuata baada ya mkataba.

Andikeni upya na mpeleke tena. Mkiona bado mmekataliwa isivyo haki, sheria inatoa nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri, ingawa kwa kasoro ya aina hii marekebisho hufika haraka kuliko rufaa.

Swali: Mbia wetu kutoka Uturuki ana asilimia 30 ya hisa na ndiye atakayekuwa mkurugenzi mtendaji. Je, ni mwekezaji au mwajiriwa? Na ni kweli kwamba kampuni iliyosajiliwa kama mradi wa uwekezaji inaruhusiwa kuleta wageni kumi bila maswali? — *Mkurugenzi mwenza, Dar es Salaam*

Jibu: Swali la kwanza linajibiwa na kinachomleta. Akija kusimamia mtaji wake mwenyewe, njia yake ni Daraja A, na nyaraka zionyeshe hivyo: hisa zilizosajiliwa BRELA kwa jina lake, ushahidi wa mtaji ulioingia, na nafasi yake katika bodi. Akija kwa sababu ana mkataba wa ajira na mshahara, huku hisa zikiwa ni kitu cha pembeni, njia ya mwajiriwa inafaa zaidi. Mkanganyiko huanza pale kampuni inapochagua daraja kwa kuangalia lipi linaonekana rahisi, halafu karatasi zikasimulia hadithi nyingine. Kwa asilimia 30 na cheo cha mtendaji mkuu, kama fedha zimeingia kweli, ningeandaa maombi ya mwekezaji.

Ama kuhusu wageni kumi, mmesikia nusu ya habari. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997 iliupa mradi uliosajiliwa nafasi tano za mwanzo za wageni, na sheria ya mwaka 2022 ikazipandisha hadi kumi. Sheria hiyo ya 2022 iliweka pia mtaji wa kuanzia usiopungua dola 500,000 za Marekani kwa mradi wa mgeni na dola 50,000 kwa mradi wa Mtanzania. Tangu mwaka 2025 shughuli za TIC (kituo cha uwekezaji) na EPZA (mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje) zimeunganishwa chini ya mamlaka moja, TISEZA, hivyo masharti yanayouhusu mradi wenu myahakikishe huko. Nafasi hizo zinaupunguzia mradi mzigo wa kuthibitisha hitaji la kila mgeni wakati wa kuanza. Hazifuti vibali: kila mmoja wa hao kumi ataomba kibali cha kazi na cha ukaazi kwa jina lake, atalipa ada yake, na kama ni mhandisi atasajiliwa na bodi yake. Tena nafasi hizo huisha, na kampuni zilizozitumia kwa madereva na watunza stoo hujuta siku zinapomhitaji mtaalamu wa kweli.

Swali: Tunataka kumwajiri mhasibu Mkenya. Rafiki yangu ananiambia kwamba kwa kuwa sote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, kibali hakihitajiki. — *Mwenye kampuni ya usafirishaji, Moshi*

Jibu: Kinahitajika. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi wa nchi wanachama kuvuka mipaka, lakini kwa aina za kazi ambazo kila nchi ilikubali kuzifungua katika jedwali lake, na kwa kibali. Kanuni zake zinamtaka mfanyakazi aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na mamlaka ya nchi husika itoe kibali ndani ya siku 30. Unachokipata kwa Mkenya, basi, ni njia iliyonyooka zaidi. Si msamaha.

Kwa wahasibu kuna nafuu nyingine, kwamba vyama vya taaluma vya nchi za Jumuiya vilitiliana saini makubaliano ya kutambuana. Mhasibu aliyesajiliwa Nairobi huanza na NBAA akiwa na hoja mkononi, na usajili huo ushughulikiwe kabla ya kuyafungua maombi ya kibali. Jiandae, hata hivyo, kwa swali ambalo itifaki haikuliondoa: Moshi na Arusha zimejaa wahasibu wenye CPA, cheti cha juu cha taaluma hiyo. Ueleze kwa nini huyu.

Swali: Kundi letu lina hoteli Dar es Salaam na nyingine Nungwi. Mpishi mkuu, raia wa Italia, ana vibali vyote kwa hoteli ya Dar es Salaam. Tunaweza kumhamishia Nungwi kwa msimu wa watalii? — *Meneja wa hoteli*

Jibu: Si kwa vibali hivyo. Uhamiaji ni jambo la Muungano, ila kazi na ajira si la Muungano. Sheria ya 2015 inatumika Tanzania Bara, na Zanzibar inayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 pamoja na Kamisheni yake ya Kazi. Mpishi wenu anahitaji kibali cha kazi cha Zanzibar kilichoombwa na hoteli ya Nungwi, na kibali cha ukaazi kinachoendana nacho. Kwamba mmiliki ni mmoja hakubadilishi lolote, kwa kuwa kibali kinamtaja mwajiri na nafasi, hata kama malipo yote yanatoka katika akaunti moja. Hali ni hiyohiyo kwa kampuni zinazowazungusha mameneja kati ya kampuni dada huko Bara.

Msimu mkubwa huanza Juni. Barua yako imefika kwa wakati kama utaanza wiki hii.

Swali: Nimeolewa na mhandisi wa kigeni anayefanya kazi Geita. Mimi pia si raia. Ninaishi kwa pasi ya mtegemezi na shule moja ya binafsi imenitaka nifundishe Fizikia. Mkuu wa shule anasema pasi yangu inatosha. Pia ningependa kujua, mkataba wa mume wangu ukivunjwa kabla ya wakati, itakuwaje? — *Mama wa watoto wawili, Geita*

Jibu: Dada, pasi ya mtegemezi inakuruhusu kuishi na mumeo, haikuruhusu kuajiriwa. Shule ndiyo inayopaswa kukuombea kibali cha kazi, na bahati ni kwamba Fizikia imo katika taaluma za Daraja B nilizozitaja hapo juu, ambako uhitaji unatambuliwa na kanuni zenyewe. Mwambie mkuu wa shule kwamba ukianza kufundisha kwa pasi yako, atakayekosa si wewe peke yako.

Kuhusu mumeo, kibali cha ukaazi cha mwajiriwa kinategemea ajira iliyotajwa ndani yake. Ajira ikikoma, kibali hakiendelei kuishi kwa sababu tu tarehe iliyoandikwa haijafika, na pasi yako na za watoto zinasimama juu ya kibali hicho. Kampuni inapaswa kuijulisha ofisi ya kazi na Uhamiaji na kuvirejesha vibali, nanyi mwende Uhamiaji mapema kuomba muda wa kufunga mambo yenu au wa kubadilisha kibali ikiwa amepata mwajiri mwingine. Mwajiri mpya hawezi kukirithi kibali cha zamani. Ataiombea nafasi yake upya, kuanzia kwa Kamishna wa Kazi. Kama watoto wako katikati ya muhula, itajeni shule yao katika barua hiyo na mwambatanishe uthibitisho wake.